Maziwa Yapo, Je, Yanamfikia Mtoto?

Kunyonyesha ni tendo la miili miwili inayojifunza kwa wakati mmoja, na kwa sababu hiyo matatizo yake hayaeleweki kwa kumchunguza mama peke yake wala kwa kumpima mtoto peke yake. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki tendo hili huhesabiwa kuwa la kimaumbile kabisa, kiasi kwamba mwanamke ambaye mtoto wake hanenepi hudhaniwa kuwa na kasoro ya mwili au ya mwenendo, ilhali kiini cha tatizo chaweza kuwa jambo dogo ambalo jicho lililofunzwa hulitambua mara tu linapomtazama mtoto akinyonya. Makala haya yanategemea kumbukumbu za familia moja ya Dar es Salaam, ambamo mwandishi ndiye baba wa mtoto anayehusika, na hoja yake kuu ni kwamba mtoto asipoongezeka uzito, swali la kuanza nalo si kama mama ana maziwa, bali ni kama maziwa hayo yanamfikia mtoto.

Ili hoja hiyo ieleweke, inafaa kueleza kwanza namna maziwa yanavyotengenezwa na yanavyotoka. Mtoto anaponyonya, neva za chuchu hupeleka taarifa kwenye ubongo wa mama, nao huachilia homoni mbili, yaani kemikali zinazosafiri ndani ya damu na kuviamuru viungo vifanye kazi. Ya kwanza ni prolaktini, ambayo huziamuru seli za titi zitengeneze maziwa na ambayo hutolewa kwa wingi zaidi usiku. Ya pili ni oksitosini, ambayo hukaza misuli midogo inayovizunguka vifuko vya maziwa ili maziwa yasukumwe kuelekea kwenye chuchu. Maumivu makali, hofu na fedheha huweza kuichelewesha oksitosini, hata mama akawa na maziwa yasiyotoka, na titi lisilotolewa maziwa kwa saa nyingi hupunguza utengenezaji wake, kwa kuwa mwili huyahesabu maziwa yaliyobaki kuwa ishara kwamba hayahitajiki. Mtoto naye ana kazi nzito kuliko inavyoonekana, kwani hana budi kuupanua mdomo, kuingiza chuchu pamoja na sehemu kubwa ya eneo jeusi linaloizunguka, kulibana titi kati ya ulimi na kaakaa, kisha kunyonya, kumeza na kupumua kwa mfuatano usiogongana. Mfuatano huo huanza kukomaa mimba inapofikia wiki 34 hivi, lakini haukamiliki mara moja; ndiyo maana mtoto aliyezaliwa kabla ya kutimia wiki 37, ambaye huitwa njiti, anaweza kuwa na viungo vyote na bado akakosa nguvu za kumaliza mlo mmoja.

Mtoto anayezungumziwa hapa alizaliwa katika wiki ya 36, akiwa na uzito uliozidi kidogo kilo 2.5, ambacho ndicho kiwango ambacho mtoto aliye chini yake huhesabiwa kuwa na uzito pungufu. Kuuvuka mstari huo kulimweka mahali pasipo na mwenyewe, kwa kuwa hakuwa mdogo kiasi cha kulazwa katika wodi ya njiti wala hakuwa amekomaa kiasi cha kunyonya kama wenzake waliotimiza miezi, na mama yake aliruhusiwa mapema kurudi naye nyumbani. Huko alilala sana, alilia kwa nadra, na kila alipowekwa kwenye titi alinyonya kidogo kisha akasinzia huku chuchu ikiwa bado mdomoni, jambo ambalo wageni waliokuja kutoa hongera walilisifu kuwa dalili ya upole. Upole huo ulikuwa uchovu. Mtoto mchanga hutarajiwa kunyonya kati ya mara 8 na 12 katika saa 24, na yule asiyeamka mwenyewe kudai haki yake hupata maziwa machache, huishiwa nguvu, hulala zaidi, na kwa kulala huko hunyonya hata kidogo zaidi, mpaka mzunguko huo ukatwe na mtu mwingine.

Watu wa kwanza kutoa msaada walikuwa wanawake wa ukoo, na msaada wao haustahili kubezwa. Bibi mzaa mama alisafiri kutoka Tanga ili kumwangalia mzazi katika kipindi cha arobaini, yaani siku arobaini ambazo mila za pwani humtaka mwanamke aliyejifungua apumzike ndani, akandwe kwa maji ya moto na apewe vyakula vya kurudisha nguvu. Alipika mtori na uji wa pilipili manga, akaagiza supu ya pweza inayosadikiwa kuongeza maziwa, akaondoa kila kazi ya nyumbani mikononi mwa binti yake. Hata hivyo, mila hiyo hiyo inayomhifadhi mama huweza kumficha mtoto, kwa sababu asiyetoka nje hafiki kwenye mizani, na macho ya watu wanaomwona kila siku huzoea wembamba wake. Bibi alipoanza kuwa na wasiwasi, alihitimisha kwamba maziwa ya binti yake ni mepesi, akapendekeza mtoto aonjeshwe uji mwembamba na apewe maji ya chango, yaani dawa ya dukani inayotolewa kwa watoto wanaodhaniwa kusumbuliwa na tumbo.

Majirani walikuwa na maelezo mengine, ambayo yalinong'onwa badala ya kusemwa. Katika sehemu nyingi za Tanzania, hasa pwani, ipo imani ya kubemenda, inayoshikilia kwamba mtoto hudhoofika pale wazazi wanaporudia tendo la ndoa kabla ya wakati unaoruhusiwa na mila, au mmoja wao anapotoka nje ya ndoa. Wanaoamini hivyo huugeuza mwili wa mtoto kuwa ushahidi wa mwenendo wa wazazi wake, na madhara makubwa ya tafsiri hiyo ni ya kiutendaji, kwa kuwa mama anayeogopa kutuhumiwa huahirisha kwenda kliniki na humfunika mtoto wake vizuri mbele za watu. Walikuwapo pia walioshauri apelekwe kwa fundi wa jadi ili akatwe kimio, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa, au ang'olewe “meno ya plastiki”, jina unalopewa uvimbe mweupe wa ufizi ambao kwa hakika ni vichipukizi vya meno ya chonge yanayojiandaa kuota. Vitendo hivyo viwili havimsaidii mtoto kunyonya. Humwachia jeraha kinywani, na huweza kuleta kutokwa na damu nyingi, maambukizi ya vidonda na pepopunda.

Ziara ya kwanza katika kliniki ya mama na mtoto ilitoa namba bila kutoa maelezo. Mtoto alipimwa, nukta ikawekwa kwenye kadi, mama akaambiwa ale vizuri na anyonyeshe mara kwa mara, kisha akaitwa mwingine kutoka katika foleni ndefu. Ushauri huo haukuwa wa uongo, lakini ulichukulia kwamba kila mara mtoto anapokuwa kwenye titi maziwa yanaingia tumboni, na hakuna aliyelithibitisha hilo. Ni kawaida mtoto mchanga kupoteza uzito katika siku za mwanzo, na upungufu usiozidi asilimia 10 huvumilika iwapo atarudia uzito wake wa kuzaliwa kabla ya wiki mbili kwisha. Mtoto huyu alikuwa anaukaribia mwisho wa wiki ya pili akiwa bado chini ya uzito huo. Muuzaji wa duka la dawa lililokuwa jirani na kliniki alikuwa na jibu la haraka, nalo lilikuwa kopo la maziwa ya unga.

Mabadiliko yalianza kwa muuguzi mkunga wa kituo kingine, aliyekuwa amepata mafunzo ya unasihi wa unyonyeshaji, yaani utaratibu wa kumsikiliza mama, kuchunguza namna anavyonyonyesha na kumsaidia kufanya uamuzi badala ya kumpa amri. Jambo lililomtofautisha na waliomtangulia ni kwamba hakutoa ushauri wowote kabla ya kumwomba mama akae kama anavyokaa nyumbani na amnyonyeshe mtoto mbele yake, naye akavuta kiti na kutazama mlo mzima, tangu mtoto alipofungua mdomo hadi alipoachia titi. Alitazama upakataji, yaani jinsi mwili wa mtoto unavyoshikwa: kama kichwa na kiwiliwili vimenyooka katika mstari mmoja, kama tumbo lake limeelekea na kugusa tumbo la mama, na kama mwili wote umeegemezwa au ni shingo tu iliyoshikwa. Kisha alitazama namna mtoto alivyolishika titi, ambayo hupimwa kwa alama nne: mdomo uwe umefunguka sana, mdomo wa chini uwe umebinukia nje, kidevu kiguse titi, na eneo jeusi lionekane zaidi juu ya mdomo wa mtoto kuliko chini yake.

Mtoto alikuwa amekosa alama tatu kati ya hizo, kwa maana kwamba alikuwa akinyonya chuchu pekee, na chuchu iliyotoka mdomoni mwake ilikuwa imebanwa ikawa bapa. Muuguzi aliwataka wote waliokuwapo wasikilize, kwa sababu mtoto anayepata maziwa hunyonya haraka haraka mwanzoni ili kuyaita, kisha hupunguza kasi na kuvuta kwa kina, na baada ya kila mvuto mmoja au miwili husikika sauti ndogo ya kumeza. Katika mlo ule sauti hiyo ilisikika mara chache, ikafuatwa na usingizi. Baada ya hapo alimwonesha mama namna ya kukamua kwa mkono, akiweka kidole gumba na vidole vingine nyuma ya eneo jeusi, akivisukuma kuelekea kifuani na kuvibana pamoja bila kuiburuza ngozi, na kikombe kidogo kikaanza kujaa. Kuona maziwa hayo kulimaliza mjadala wa nyumbani kwa namna ambayo maneno yasingeweza, kwani mtungi uliojaa haumkati mtu kiu ikiwa kata haifiki majini, na kilichopungua hapo kilikuwa kata.

Mtaalamu huyo hakuridhika na maelezo ya kwanza yaliyofaa, jambo ambalo nalo ni sehemu ya taaluma. Aliingiza kidole safi chenye glavu kinywani mwa mtoto ili kupapasa kaakaa, kwa kuwa kaakaa la nyuma laweza kuwa na mpasuko usioonekana kwa nje. Aliutazama ulimi kama unainuka na kutoka nje ya ufizi, akitafuta udata, yaani utando mfupi unaoufunga ulimi chini ya kinywa. Aliuliza kama mtoto hutoka jasho au hubadilika rangi anaponyonya, dalili ambazo huweza kuashiria tatizo la moyo. Rangi ya macho ilimtia shaka, hivyo alimpeleka kwa daktari ili apimwe bilirubini, ambayo ni takataka ya manjano inayotokana na kuvunjika kwa chembe nyekundu za damu na ambayo ikizidi humfanya mtoto asinzie zaidi na ikipindukia huweza kuudhuru ubongo. Kipimo kilionesha kiwango kisichohitaji tiba ya mwanga, na kwa kuwa bilirubini hutoka mwilini hasa kwa njia ya choo, tiba iliyobaki ilikuwa ni mtoto kushiba.

Mpango uliotolewa ulikuwa na hatua tatu zilizorudiwa mchana na usiku. Mtoto aliamshwa kwa kuvuliwa nguo na kuwekwa kifuani, akanyonyeshwa akiwa amepakatwa upya huku mama akilibana titi taratibu kila mtoto alipoanza kusinzia; baada ya hapo mama alikamua maziwa yaliyobaki, ambayo ni ya mwisho wa mlo na yana mafuta mengi zaidi; kisha mtoto akapewa maziwa hayo kwa kikombe. Kulisha kwa kikombe kuna kanuni zake, kwani mtoto hukalishwa karibu wima, ukingo wa kikombe ukagusishwa kwenye mdomo wake wa chini, na kikombe kikainamishwa mpaka maziwa yafike ukingoni ili ayarambe mwenyewe kwa mwendo wake, bila kumiminiwa. Kikombe kilichaguliwa badala ya chupa kwa sababu ni rahisi kukisafisha na kwa sababu hakimzoeshi mtoto namna nyingine ya kunyonya wakati bado anajifunza ile ya titi.

Ugawaji wa kazi hizo ulikuwa na hekima yake. Muuguzi aligundua mapema kwamba bibi ndiye mwenye sauti nyumbani, akamgeukia kwa heshima na kumwambia, “Bibi, wewe ndiye utakayekuwa jicho langu huko nyumbani,” akamfundisha kulisha kwa kikombe na kuhesabu nepi zilizoloa, kwa kuwa mtoto anayeshiba hukojoa mara sita au zaidi kwa siku kuanzia mwishoni mwa wiki ya kwanza. Baada ya kukabidhiwa wajibu huo, bibi hakuutaja uji tena. Baba alipewa kazi ya kangaruu, njia ya kumbeba mtoto ngozi kwa ngozi kifuani, ambayo ilianzishwa Bogotá nchini Kolombia mwaka 1978 na daktari Edgar Rey Sanabria kutokana na uhaba wa vifaa vya kuwatunzia njiti, na ambayo humpa mtoto joto na kumwokolea nguvu ambazo angezitumia kujipasha moto. Mtoto alirudi kwenye mizani kila baada ya siku chache badala ya kila mwezi, uzito ukaanza kupanda, na alipofikia tarehe ambayo angezaliwa kama mimba ingetimia, alikuwa ananyonya kwa nguvu zake na kikombe hakikuhitajika tena.

Kumbukumbu hizi zina mafunzo yanayovuka mipaka ya familia moja, na la kwanza linahusu wakati. Mtoto ambaye hajawahi kunyonya vizuri tangu kuzaliwa anahitaji kuonwa na mtaalamu ndani ya siku chache, hata arobaini ikiwa haijaisha. Lakini mtoto aliyekuwa ananyonya vizuri kisha akaacha ni wa kukimbizwa hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu kukataa titi ni mojawapo ya dalili za maambukizi makali kwa mtoto mchanga. Hali kadhalika mwenye degedege, anayepumua mara 60 au zaidi kwa dakika, mwenye joto la nyuzi 37.5 au zaidi au lililo chini ya 35.5, na yule asiyejongea mpaka aguswe, hao wote si wa kusubiri zamu ya kliniki.

Funzo la pili linahusu namna ya kuutambua msaada ulio bora. Ujuzi alioutumia muuguzi yule haukubuniwa jana. Kitabu cha Felicity Savage King kuhusu kuwasaidia akina mama kunyonyesha kilichapishwa na AMREF jijini Nairobi mwaka 1985, na mwaka 1993 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa mtaala wa unasihi wa unyonyeshaji wa saa 40. Hatua kumi za unyonyeshaji, zilizotangazwa na mashirika hayo mwaka 1989 na kuwa msingi wa mpango wa hospitali rafiki kwa mtoto ulioanza mwaka 1991, zinataka mama aoneshwe namna ya kunyonyesha, na katika marekebisho ya mwaka 2018 zinataka uruhusiwaji wa kutoka hospitalini upangwe ili wazazi wajue watapata wapi msaada baadaye. Kipimo cha mzazi kwa hiyo ni chepesi: anayetoa ushauri, dawa au kopo bila kumwona mtoto akinyonya bado hajamaliza uchunguzi wake.

Inafaa pia kukiri kwamba matatizo mengine huvuka uwezo wa mkunga. Mtoto mwenye mdomo sungura pamoja na mpasuko wa kaakaa hawezi kuvuta titi kwa kuwa hewa hupita katika mpasuko, na huhitaji njia maalumu ya kulishwa mpaka afanyiwe upasuaji, huduma ambayo hutolewa na hospitali kama CCBRT ya Dar es Salaam. Mwenye udata huweza kukatwa utando huo na daktari ikithibitika kwamba ndio unaomzuia kunyonya, na anayepaliwa kila mara kutokana na udhaifu wa misuli humhitaji mtaalamu wa tiba ya matamshi na lugha, ambaye hushughulikia pia kumeza. Taaluma hiyo bado ina watu wachache katika ukanda huu, ingawa Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kuifundisha mwaka 2008. Hata maziwa ya kopo yana nafasi yake pale sababu za kitabibu zinapoyahitaji, na kanuni za kimataifa za mwaka 1981, pamoja na sheria ya Kenya ya mwaka 2012 na kanuni za Tanzania, hazikuyapiga marufuku, bali zilidhibiti utangazaji wake ili uamuzi huo usifanywe na muuzaji.

Funzo la mwisho ni la kijamii na kisheria. Mpango wa kunyonyesha, kukamua na kulisha kwa kikombe usiku na mchana hauwezi kutekelezwa na mwanamke mmoja aliye peke yake, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004, iliyotoa likizo ya siku 84 kwa mama pamoja na hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha anaporudi kazini, ilimpa baba siku tatu tu, ambazo huisha kabla hata tatizo halijaonekana. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionesha kwamba asilimia 64 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miezi sita hunyonyeshwa maziwa ya mama pekee, kutoka asilimia 59 ya utafiti wa mwaka 2015 hadi 2016. Maana yake ni kwamba wanawake wengi wameshakubali kunyonyesha, na kinachotakiwa sasa ni mikono yenye ujuzi ya kuwasaidia wanaokwama.

Kwa hiyo, kila wodi ya wazazi haina budi kuhakikisha kwamba hakuna mama anayeruhusiwa kwenda nyumbani kabla mtumishi mwenye mafunzo hajautazama mlo mmoja wa mtoto wake kuanzia mwanzo hadi mwisho, hasa mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 37, hata kama uzito wake unaridhisha. Mzazi naye, akifika kliniki na mtoto asiyeongezeka uzito, asiondoke na namba ya kwenye kadi pekee. Aombe mtoto atazamwe akinyonya, na asipotazamwa hapo, aende kituo kingine siku hiyo hiyo.